Pua-Kitabuni na Mtani Wake Fisi

Hapo zamani za kale, enzi zile Fisi alipokuwa bado akialikwa misibani na kukabidhiwa upawa bila mtu kuwa na wasiwasi, palikuwa na kijiji kikiitwa Majani Makavu. Wanyama wa huko walikuwa na nyumba, vyungu, mikeka na majirani wambea, kama sisi tu. Usinitazame hivyo wewe uliyekaa nyuma. Kama hujapata kumwona ngiri akianika nguo, kosa si langu.

Katika kijiji hicho aliishi Sange. Mnamjua sange? Ni mnyama mdogo, miguu kama njiti, mbio hasemeki, na ana pua ndefu inayochezacheza hata akiwa usingizini. Sange wetu huyu alikuwa msichana mwenye ugonjwa mmoja tu, nao ni kusoma. Alisoma akikoroga uji, uji ukaungua. Alisoma akifagia njia, ufagio mkono huu, kitabu mkono huu, mpaka siku moja akamfagia Mzee Kobe na kumtumbukiza mtaroni, chubwi!

"Lo! Niwie radhi, Mzee Kobe! Nilidhani ni jani!"

"Jani?" akafoka Kobe, maji yakimtoka puani. "Jani gani lina ukubwa huu? Toa pua kitabuni, mtoto we!"

Basi jina likamganda hapohapo. Pua-Kitabuni! Akienda kisimani, Pua-Kitabuni! Akipita sokoni, Pua-Kitabuni huyooo, angalieni asiwafagie! Sange aliumia. Akakimbia nyumbani kwa bibi yake, machozi yanamchuruzika.

Bibi yake aliitwa Bibi Rehani, naye ndiye aliyemlea. "Wananiita Pua-Kitabuni, Bibi," akasema.

"Na pua yako huwa iko wapi?"

Sange akafikiri. "Kitabuni."

"Basi hawajasema uongo. Futa machozi, lete kitabu."

Bibi Rehani alikuwa msukaji wa mikeka. Wenzake walitoa mkeka wakapata sufuria, yeye alitoa mkeka akapata kitabu. Alifanya hivyo tangu usichana wake, mpaka kasha la mninga lililokuwa chini ya kitanda likajaa pomoni. Uzeeni macho yake yakaingia ukungu, herufi akawa hazioni tena. Tangu hapo Sange alisoma kwa sauti, na Bibi alisuka ukili kwa kupapasa. Hadithi ikienda vizuri, ukili ulinyooka. Ikifika pahala pa hatari, ukili ulikwenda upogo, na Bibi akafumua na kuanza upya huku akinung'unika, "Huyu mwandishi ataniua."

Kitabu chao cha mwisho kilikuwa chekundu, kinene. Kilisimulia habari za mkulima mmoja wa mpunga aliyevuka mito na nchi za watu kumtafuta dada yake aliyepotea. Jioni moja walifika pahala ambapo mkulima yule, miguu imevimba, amesimama mbele ya nyumba asiyoijua. Akainua mkono. Akapiga hodi.

"Ishia hapo," akasema Bibi. "Nimechoka, mjukuu wangu. Kesho tutamfungulia mlango."

Kulipokucha, Bibi Rehani hakuamka.

Wanangu, Sange alilia. Alilia mpaka pua ikavimba, na hakuona haya. Kisha akakirudisha kile chekundu kashani, akaweka nadhiri moyoni: kitabu kile hatakimaliza peke yake kama mwizi. Atakimaliza siku ya kuanua tanga, mbele ya watu wote waliomzika Bibi, ili mlango ufunguliwe kwa heshima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Fisi anapoingia.

Kule Majani Makavu kulikuwa na utani. Ukoo wa masange na ukoo wa mafisi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Sange akifiwa, mafisi ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaokoka moto na kupika, na ndio wanaoleta masihara ili wafiwa wasife kwa huzuni. Na mtani ana haki yake. Anaweza kuingia nyumba ya msiba, akakwapua kitu, akasema, "Mpaka mkikomboe!" Nacho hukombolewa kwa jambo la kuchekesha atakalolitaka, kitu kikarudi, maisha yakaendelea.

Lakini sheria ilikuwa moja, ngumu kuliko mwamba: mtani hakasiriki. Mfiwa akikasirika, kilichochukuliwa kimekwenda moja kwa moja. Mtani akikasirika, anarudisha alichochukua na anaosha vyungu vyote vya msiba. Mwamuzi alikuwa Mzee Nyati, ambaye hakuwa mwepesi wa maneno, lakini akishasema amesema.

Fisi alichimba kaburi la Bibi Rehani, na alilichimba vizuri, lazima tuseme haki. Kisha akaingia nyumbani akijipigapiga kifua, analia kilio cha utani.

"Uuu! Bibi Rehani umeniponza! Umekufa hata hujaninenepesha! Sasa nitapika nini, mifupa yako mwenyewe haina hata mchuzi!"

Waombolezaji wakacheka. Hata Sange alicheka, machozi bado yako shavuni. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Mara Fisi akainama chini ya kitanda. Kkrrr! Akaliburuta kasha la mninga.

"Nimepata! Uuu-hi-hi-hi! Nimepata kuni!"

Kicheko cha Sange kikakatika.

"Mtani," akasema. "Chukua kitanda."

"Kitanda sitaki."

"Chukua kuku wote."

Fisi akameza mate. Mh! Kuku wote! Masikio yakamsimama, lakini akajikaza. Ukaidi ukimshika mtu hata njaa hukaa kando. "Nataka hili. Na utalikomboa hivi: siku ya kuanua tanga usimame mbele ya watu, ujishike hiyo pua yako, useme, 'Kusoma ni kazi ya wasio na kazi. Mimi Pua-Kitabuni nimeacha.' Na uache kweli! Usiposema, vitabu hivi ndivyo vitakavyowasha moto wa wali."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Sange alihisi joto likimpanda kutoka kwenye kucha za miguu. Akakaribia kufoka. Macho yake yakakutana na ya Mzee Nyati, ambaye alikuwa akimtazama kimya, anatafuna nyasi. Sange akakumbuka sheria. Akabana meno.

"Nimesikia, mtani wangu," akasema, na akatabasamu. Tabasamu hilo lilimuuma kuliko jino bovu.

Siku zilizofuata, Fisi hakumpa nafasi ya kupumua. Alitaka akasirike, mchezo uishe. Alikuja na bakuli la njugu za kukaanga, akachana ukurasa wa kitabu kimoja, chwaaa!, akaukunja pembe, akajaza njugu kama wauzaji wa sokoni.

"Karibu njugu, mtani. Za moto."

Kima alikuwa juu ya dari, mdomo wazi. Pua ya Sange ilitetemeka, ikatetemeka, ikatulia. Akapokea ile pembe. Akala njugu, mojamoja, mpaka zikaisha. Halafu akaukunjua ukurasa, akausoma juu mpaka chini, akaulaza vizuri chini ya mkeka unyooke.

"Ahsante, mtani. Njugu zilipungua chumvi, lakini maandishi ni matamu."

Watu wakashangilia. Fisi akaondoka akinung'unika, "Kiumbe gani huyu hata hakasiriki!"

Alikasirika, wanangu. Alikasirika sana. Ila aliingia jikoni, akafunika uso kwa upande wa kanga ya shangazi yake, akalia humo.

Shangazi huyo aliitwa Chausiku. Alikuwa mama mwenye moyo mwema na subira fupi. "Si useme tu hayo maneno, mwanangu, yaishe?" akamwambia. "Ni utani. Unasema, watu wanacheka, kasha linarudi. Baadaye utajifungia chumbani usome utakavyo, nani atajua?"

"Mimi nitajua, Shangazi."

"Sasa ukijua, kuna nini?"

Sange akauachia upande wa kanga. "Bibi alimaliza mikono kwa mikeka ili apate vile vitabu. Nikisimama mbele ya kaburi lake niseme kusoma ni upuzi, si nitakuwa nimesema na yeye alikuwa mpuuzi? Na nikisoma kwa kujificha, nitakuwa kama mtu anayemwonea haya mama yake njiani."

Shangazi Chausiku akamvuta karibu. Akamfuta pua kwa kanga. "Haya basi. Lakini Fisi ni mkubwa, na wewe ni kipande cha kidole. Utafanyaje?"

"Sijui bado."

Mnajua jinsi matanga yalivyo. Watu hukaa kwenye mikeka mchana kutwa, kahawa inazunguka, na hadithi zinafuata kahawa. Sange akakaa pembeni na kazi yake ikawa kumtazama Fisi tu. Aliyezoea kusoma kurasa hujikuta anasoma na nyuso.

Kima akasimulia habari za fisi aliyeuona mwezi kisimani akadhani ni mfupa, akajitosa. Ha ha ha! Ngiri akasimulia habari za fisi aliyefika njia panda. Huku kunanukia nyama, huku kunanukia nyama, akapeleka miguu huku na huku, tatatata, akapasuka msamba! Watu wakashika mbavu. Kanga akasimulia habari za fisi aliyeaminishwa kuwa jiwe ni mafuta ya kondoo.

Na kila mara Fisi alicheka kuliko wote. Uuu-hi-hi-hi! Lakini Sange aliyaona masikio yake. Kila hadithi ilipofika mwisho, masikio ya Fisi yalilala chini, polepole, na yalichukua muda kuinuka.

"Alaa," Sange akajisemea moyoni. Akamwonea huruma, na hakutarajia kumwonea huruma. Hadithi zote alizopata kuzisikia Fisi maishani mwake, mjinga wake alikuwa ni yeye. Nani angependa vitabu hapo? Angekuwa Sange mwenyewe pengine angeviwasha zamani.

Basi pale pembeni, kikombe cha kahawa kikipoa mkononi, Sange akapata ujanja wake.

Siku ya kuanua tanga ikafika. Uwanja ulijaa kuanzia asubuhi. Mafiga makubwa yalipangwa, sufuria la wali likatelekwa, kuni zikasimamishwa. Fisi alikaa mbele ya mafiga, kasha liko wazi kando yake, kiberiti mkono mmoja. Mkono wa pili alishika kitabu cha juu kabisa kashani. Kilikuwa kile chekundu.

Sange akainuka. Akapita katikati ya watu, mdogo hivyo, hata nyasi zilimzidi kimo.

"Haya, mtani!" akapaza sauti Fisi. "Shika pua, sema!"

Sange akajishika pua. Watu wakaanza kucheka mapema.

"Hii pua," akasema, "ni ndefu, na huwa iko kitabuni. Mnaniita Pua-Kitabuni. Bibi yangu aliniambia hamkusema uongo, nami leo nawaambia jina hilo nimelipokea, nalipenda. Nilimsomea kipofu wangu mpaka siku yake ya mwisho. Uji wenu niliuunguza, Mzee Kobe nilimtosa, samahani tena Mzee, lakini kusoma siachi, na haya sioni."

Mahali fulani nyuma Shangazi Chausiku akapiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo.

"Hukusema nilichotaka!" akasema Fisi.

"Sikusema."

"Basi naunguza!"

"Unguza, mtani wangu. Mali iko mkononi mwako." Sange akakaa chini, akakunja miguu. "Ila nasikitika kidogo kwa ajili yako. Kinachoungua ni ndugu yako."

Kiberiti kikasimama hewani. "Ndugu yangu yupi?"

"Humo kuna fisi."

Watu wakaangua kicheko. Fisi naye akacheka, lakini masikio yalishalala. "Najua! Yule aliyepasuka msamba njia panda. Na aungue tu!"

"Ni huyohuyo wa njia panda," akasema Sange. "Ila huyu hakupasuka."

"Hakupasuka?"

"Alifika njia panda. Huku kunanukia nyama. Huku kunanukia nyama. Miguu ikaanza, huu huku, huu kule. Halafu fisi yule akafanya jambo ambalo hakuna aliyepata kulisimulia." Sange akajikuna sikio.

"Alifanya nini?"

"Alikaa chini. Akafikiri."

Fisi akashusha kiberiti magotini bila kujua. Alikuwa hajasikia hata siku moja hadithi ambayo ndani yake fisi anafikiri.

"Akiwa amekaa pale," Sange akaendelea, sauti yake ile ya kusomea Bibi, taratibu, kila neno na mahali pake, "akasikia kilio. Meee! Meee! Hakikutoka njia hii, hakikutoka njia ile. Kilitoka porini, ambako hakuna njia. Fisi akainuka. Akaacha nyama ya kulia, akaacha nyama ya kushoto, akaingia miibani. Kwaruzu, kwaruzu, miiba inamchana. Akafika kwenye shimo refu. Akachungulia. Ndani, mtoto wa mbuzi. Mdogo, mnono, peke yake. Mama hayupo. Mchungaji hayupo. Anamtazama fisi, anatetemeka."

"Yarabi!" akanong'ona Kanga.

"Fisi hajala tangu juzi. Tumbo likalia, nguruuu. Akalala kifudifudi. Akanyoosha mkono shimoni, ukashuka, ukashuka, ukamgusa yule mtoto shingoni, na..."

Sange akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Haya, washa moto, mtani. Wali utachelewa."

"Na nini?" akauliza Fisi.

"Moto."

"Na nini? Alimshika shingo, na nini?"

"Na nini, Sange?" watu nao wakadakia. "Alimla?"

"Mimi tena?" Sange akatumbua macho kwa mshangao. "Si kusoma ni kazi ya wasio na kazi? Leo mimi nina kazi, nachambua mchele. Kitabu unacho wewe, mtani. Tazama mwenyewe."

Fisi akakifungua kitabu. Akazitazama herufi. Herufi zikamtazama. Akafunua ukurasa mwingine, fyu, na mwingine, fyu fyu. Akanusa. Akakitikisa kama mtu anayetoa mchanga kiatuni.

"Umekigeuza juu chini!" akapiga kelele Kima, akaanguka kwa kucheka.

Fisi akakigeuza. Mambo yakawa yaleyale. "Yuko wapi? Yuko ukurasa gani? Alimla au hakumla?"

"Mtani, moto," akasema Sange kwa upole.

"Alimla au hakumla?"

"Wali, mtani."

"Wewe kijipua we!" Fisi akaruka juu, manyoya ya mgongo yamesimama, meno nje. "Mnanicheka! Kila siku mnanicheka! Niambie alimla au hakumla, la sivyo nitakutafuna na pua yako, sasa hivi!"

Sauti ikapiga milimani, ikarudi. Hakuna aliyecheka. Mzee Nyati akaacha kutafuna. Akameza alichokuwa nacho, taratibu, akainuka.

"Mtani amekasirika," akasema, akakaa tena.

Fisi akabaki mdomo wazi. Akamtazama Nyati, akatazama kitabu, akamtazama yule kiumbe kipande cha kidole aliyemfanya afoke mbele ya kijiji kizima. Ndipo akaelewa. Akakirudisha kitabu kashani, na alikirudisha polepole, akakipangusa kwanza kwa kiganja. Halafu akaokota sufuria la kwanza lenye masizi, akaenda nalo kando, akawapa watu mgongo.

Vigelegele vikapigwa. Sange akabebwa juu, akarushwa, akadakwa. Lakini alipowekwa chini, hakusherehekea. Alitazama mgongo ule mpana ulioinama. Ulikuwa ukitikisika, na si kwa kusugua sufuria.

Mikeka ikatandikwa. Watu wakakaa kusikiliza mwisho wa kitabu cha Bibi Rehani. Sange akakifungua, pua ikaingia ndani, kisha ikatoka.

"Siwezi kuanza," akasema. "Aliyechimba kaburi la Bibi hajakaa. Mtani! Njoo."

"Naosha vyungu," akajibu Fisi bila kugeuka.

"Vyungu havina miguu, utavikuta. Njoo, mtani. Bila wewe haitakuwa heshima."

Fisi akaja. Mikono imejaa masizi, macho mekundu. Hakujua pa kukaa. Shangazi Chausiku akasogea, akampisha kwenye mkeka.

Ndipo Sange akasoma. Mkulima wa mpunga alipiga hodi, akangoja. Akapiga ya pili. Ndani pakasikika kandambili zikiburutwa, kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke mwenye mvi, akamtazama mgeni miguu yake iliyovimba, kisha uso. Akasema: Karibu, mdogo wangu. Umechelewa, lakini chakula bado kina moto.

Hapo ndipo kitabu kilipokwisha. Sange akakifunga. Alitamani, kwa moyo wake wote, kuona mikono ya Bibi ikisimama juu ya ukili, kumsikia akishusha pumzi. Alilia, na safari hii hakuziba uso, na wengi walilia naye, hata Mzee Kobe.

Baadaye, watu walipokuwa wakila, Sange alichukua sahani yake, akaenda kwenye vyungu. Akakaa karibu na Fisi, akaanza kumsaidia kusugua kijisufuria kidogo cha chai, kinachomtosha mwili wake.

"Huyo mkulima," Fisi akasema, "nimefurahi alifika."

"Hata mimi."

Kwaru, kwaru, kwaru. Wakasugua.

"Lakini fisi sikumsikia," akasema Fisi. "Nilitega masikio mwanzo mpaka mwisho."

Sange akaweka chini kijisufuria. Alikuwa ameshinda, angeweza kunyamaza. Akaona ni vibaya.

"Hakuwemo, mtani. Nilimtunga pale pale uwanjani. Nimesoma hadithi nyingi mpaka zimeanza kuzaana kichwani."

Fisi akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, mpaka Sange akaanza kupima kwa macho njia ya kukimbilia.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Utani usio na uongo kidogo si utani tena, ni ubani wa msibani."

"Kwa hiyo hayupo." Masikio yakalala. "Fisi anayekaa chini akafikiri. Nilijua hawezi kuwepo."

"Yupo," akasema Sange haraka. "Nilipokuwa namtunga nilikuwa nakutazama wewe. Ninayo karatasi, ninao wino, na nitamwandika. Tatizo langu ni moja, kweli kabisa: mwisho sikuupata. Mkono uko shimoni, umemgusa mtoto wa mbuzi shingoni. Hujaniambia. Alimla?"

Fisi akaacha kusugua. Akatazama mbali, kule porini ambako hakuna njia. Tumbo lake likalia, nguruuu, maana wali alikuwa bado hajapewa. Akafikiri. Akafikiri sana, wanangu, na lilikuwa jambo la ajabu na zuri kumwona.

"Alimtoa," akasema mwisho. "Alimshika shingo, akamvuta juu, akamweka majanini, akamwambia, nenda kwa mama yako."

"Kweli?"

"Kweli." Akajikuna kidevu kwa mkono wenye masizi. "Ila alimlamba kidogo. Aonje tu."

Sange akacheka mpaka akaanguka ndani ya kijisufuria. Fisi naye akacheka, na safari hiyo masikio yalibaki yamesimama.

"Basi hivyo ndivyo nitakavyoandika," akasema Sange, akichomoza pua nje ya sufuria. "Hata hilo la kulamba."

Nami ngano yangu naiacha hapo penye vyungu, aliye na kiu ya nyingine akamuulize Kobe. Ila mshike hili: kitu ukipendacho kwa moyo safi usikionee haya, hata dunia nzima ikikupa jina kwa ajili yake.